Fahali, Punda na Nusu ya Ganda

Siku seva zilipoletwa, Injinia hakunywa chai yake. Aliiacha mezani mpaka ikaganda utando juu, akatoka mbio hadi langoni, na mlinzi aliyezoea kumwona akitembea kwa madaha akadhani kuna moto.

"Moto uko wapi?" aliuliza mlinzi.

"Hakuna moto! Seva zimefika!"

Mlinzi hakujua seva ni kitu gani, lakini furaha huambukiza kuliko mafua. Alijikuta anafungua lango kwa mikono miwili na kulipigia lori saluti.

Miaka minane Injinia alikuwa akiisubiri siku hiyo. Kiwanda kilisubu maganda ya chuma ya pampu za maji, na kazi yake yeye ilikuwa kumimina chuma ndani ya kompyuta kabla wenzake hawajakimimina kwenye mchanga. Kila kalibu mpya, lile tundu la mchanga linalokipa chuma umbo, ilipochorwa, yeye ndiye aliyepiga hesabu za jinsi chuma cha moto kitakavyoingia, kitakavyojaa na kitakavyopoa. Kazi tamu hiyo, asikudanganye mtu. Tatizo lilikuwa chombo. Chini ya meza yake palikuwa na kompyuta moja kongwe, yenye kunguruma kama tumbo la njaa, na ukiipa umbo kubwa ilizima kimya kimya bila hata kuaga. Injinia alikuwa ameshajifunza kuibembeleza: punguza hiki, kata kile, bana pale. Sasa kiwanda kilikuwa kinanunua mtambo wa haja, seva kumi na sita zilizounganishwa zifanye kazi kama kompyuta moja. Wauzaji wawili walikubali kuleta kila mmoja seva yake ya majaribio, kuanzia Jumatatu. Alhamisi jioni Mkurugenzi angetia saini, na baada ya saini hakuna kurudi nyuma kwa miaka mitano.

Ila raha ile ilikuwa na mwiba ndani yake, na mwiba wenyewe ulikuwa wa nyumbani.

Miezi mitatu iliyopita kiwanda kilianza kusubu ganda jipya, refu kuliko yote ya zamani, na tangu siku ya kwanza maganda hayo yalikuwa yakipasuka shingoni. Katika kila kumi, matatu yalikuwa na ufa. Aliyeyamimina ni baba mdogo wake Injinia, yule aliyemchukua akamlea baada ya baba yake mzazi kufariki, akamlipia shule mpaka akaitwa Injinia. Kiwanda kizima kilimwita Mzee Tanuri. Msimamizi wa zamu alinong'ona kwamba mkono wa mzee umeanza kutetemeka. Mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya, akasema kalibu ichunguzwe kwanza kabla ya mtu kulaumiwa. Na wa kuichunguza alikuwa nani? Injinia huyo huyo. Alipiga hesabu kwa kompyuta yake kongwe, chuma kikajaa vizuri, kikapoa vizuri. Akaandika ripoti kwa mkono wake mwenyewe kwamba kalibu haina kasoro. Alilia chooni, akanawa uso, akaipeleka.

Kama kasoro haiko kwenye kalibu, basi iko mkononi. Mzee alipewa barua: mtambo mpya utarudia uchunguzi, na ukisema vile vile, ataondolewa kwenye tanuri na kupelekwa stoo kugawa glavu. Kugawa glavu! Mtu aliyekaa na moto miaka thelathini na moja! Nyumbani mzee hakulalamika. Aliendelea kumwamkia mama mdogo kwa utani ule ule na kumwita Injinia "mwanangu" kwa sauti ile ile, na hilo ndilo lililomuuma Injinia zaidi.

Kwa hiyo pale langoni, akilikimbilia lori, Injinia hakuwa anachagua kompyuta tu. Alikuwa anamchagua hakimu wa baba yake mdogo, na alitaka hakimu mwenye akili kuliko wote.

Chumba cha seva kilikuwa zamani chumba cha kubadilishia nguo. Vigingi vya kutundikia mashati vilikuwa bado ukutani, lakini sasa palikuwa na kiyoyozi kipya, nyaya nene za umeme, na mkeka mlangoni wa kufutia mchanga wa viatu. Muuzaji wa kwanza aliingia na seva yake juu ya kigari, akitabasamu meno yote thelathini na mawili. Wafanyakazi wakambatiza Bwana Tabasamu kabla hajafika katikati ya chumba.

"Hii, dada yangu, ina viini mia moja tisini na viwili," alisema, akifunua kifuniko kama anayefunua chakula cha wageni. "Kila kiini ni kichwa cha kupiga hesabu. Mia moja tisini na viwili ndani ya chipu moja! Hesabu mwenyewe ukipenda."

Injinia aliinama. Aliona chipu pana kama kiganja, vijiti vya memori vimesimama wima pande zote mbili, feni zimepangwa safu moja. Akasikia harufu ya kitu kipya ambacho hakijawahi kuguswa na vumbi. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtoto aliyeahidiwa viatu.

Muuzaji wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye bisibisi tatu kwenye mfuko wa shati. Huyo akawa Mama Bisibisi. Seva yake ilikuwa na chipu mbili, lakini viini vyote pamoja vilikuwa sitini na vinne tu.

"Vichache," alisema Injinia, naye alishindwa kuficha alivyovunjika moyo.

"Vichache," alikubali Mama Bisibisi bila kujitetea. "Lakini njia za memori ni ishirini na nne. Ya mwenzangu ina kumi na mbili. Ipe kazi yenu halisi, halafu tutaongea."

Vijana wa karakana walikuja kuchungulia kwa zamu, na kabla ya saa sita mchana zile mashine zilikuwa na majina. Yenye viini vingi ikaitwa Fahali. Nyingine ikaitwa Punda. Mama Bisibisi alipoambiwa alicheka. "Sawa tu," alisema. "Mzigo hubebwa na nani?"

Jumanne asubuhi Injinia alizipa seva zote mbili kazi ile ile: ganda jipya, lile lile linalopasuka. Mkurugenzi alikuja kushuhudia, msimamizi wa zamu akaja, na feni ziliponguruma wote wakarudi nyuma hatua moja. Fahali alimaliza kwa dakika tisa. Tisa! Kompyuta kongwe ilikuwa ikiichezea kazi hiyo siku mbili na nusu, na siku nyingine ikiishia njiani. Injinia alipiga kelele, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa msimamizi wa zamu. Punda alimaliza kwa dakika kumi na saba.

"Mchezo umekwisha," alisema Bwana Tabasamu.

"Umekwisha," alisema Mkurugenzi, ambaye alipenda namba kubwa tangu zamani. "Na ganda linasemaje?"

Injinia alifungua picha. Chuma kilijaa vizuri. Kikapoa vizuri. 

"Linasema vile vile," alijibu kwa sauti ya chini.

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Basi Alhamisi tutasaini yote mawili. Seva, na uhamisho wa mzee."

Walipotoka, Mama Bisibisi alibaki akikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. "Injinia, samahani," alisema. "Ile uliyotupa ndiyo kazi yenu halisi?"

"Ndiyo," alijibu Injinia bila kupepesa macho. Na hakuwa anadanganya. Aliamini hivyo kabisa, na hapo ndipo penye maajabu.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, Mzee Tanuri alikuja mwenyewe kumwona hakimu wake. Alifuta viatu kwenye mkeka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaingia na aproni yake ya ngozi, akasimama mbele ya zile mashine mikono nyuma.

"Huyu ndiye Fahali?"

"Ndiye, baba."

"Na huyu Punda. Shikamooni," aliziambia, na Injinia akacheka. "Haya, mwanangu, nionyeshe hilo ganda langu lilivyo huko ndani. Kama nahukumiwa, angalau nione kesi."

Injinia alilifungua kwenye skrini. Aliligeuza taratibu ili mzee aone chuma chekundu kikipanda kutoka mlangoni mwa kalibu mpaka shingoni. Mzee alitazama, akainama, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akazunguka nyuma ya skrini, akachungulia huko, akarudi mbele.

"Nusu nyingine mmeificha wapi?"

"Nusu ipi?"

"Hili ni nusu ganda. Limekatwa katikati kama papai."

"Aa, hiyo?" Injinia alitabasamu kama mwalimu. "Ganda lina pande mbili zinazofanana, baba. Kulia ni sawa na kushoto. Kwa hiyo tunapiga hesabu za upande mmoja tu, na upande wa pili tunachukulia ni vile vile. Tunaokoa nafasi. Kompyuta yangu ile haiwezi kubeba ganda zima, hata kulifungua tu haiwezi, kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza huwa..."

Aliitazama skrini upya.

Mzee hakuona kwamba amenyamaza. "Sasa mimi ninamiminia wapi hapo? Maana kikombe cha kumiminia kiko kushoto. Kushoto kabisa. Reli ya winchi inayobeba ndoo ya chuma haifiki katikati, unajua mwenyewe. Na ufa, kila siku nasema, ufa unakuja kulia. Siku zote kulia. Nikimwambia msimamizi, anasema ninatafuta visingizio."

Injinia alikuwa amesimama, hajui alisimama saa ngapi. Nusu ganda halina kulia wala kushoto. Ili lile papai lake likae sawa, yeye mwenyewe alikuwa amekihamisha kikombe akakiweka katikati, kwa urahisi wa hesabu. Kwenye maganda mafupi ya zamani haikuwa na madhara. Lakini hili refu? Na si hilo tu, jamani! Miaka minane amekata kila kitu nusu kwa sababu ya kompyuta dhaifu, na siku alipoletewa mashine zenye nguvu za ajabu, mashine za kumeza kiwanda kizima, akazipa nini? Akazipa nusu! Mkono ulikwenda wenyewe. Ni kama mtu aliyekula nusu shibe maisha yake yote, halafu akialikwa kwenye karamu anaomba sahani ya mtoto.

"Baba mdogo," alisema, na sauti yake ilipanda mpaka feni zikaonekana kimya. "Baba mdogo, una tepu ya kupimia?"

"Ya nini?"

"Twende! Twende sasa hivi, utakula baadaye!"

Walikwenda karakana mzee akiwa nusu anakimbia nusu anavutwa. Vijana walioketi juu ya masanduku ya mchanga na vyakula vyao walishangaa kumwona Injinia akipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya ofisini, ameshika ncha moja ya tepu, mzee ameshika nyingine. Kutoka katikati ya kalibu mpaka kwenye kikombe: sentimita arobaini na moja. Urefu wa mfereji unaopeleka chuma kulia, urefu wa mfereji wa kushoto. Akamwomba mzee aigize jinsi anavyoinamisha ndoo ya chuma, akamhesabia sekunde kwa saa ya mkononi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Mtu mmoja alitania kwamba Mzee Tanuri anafundishwa kucheza dansi. Mzee akamjibu kwamba mtani mwenyewe hata kutembea hajafundishwa vizuri. Injinia hakusikia chochote. Alikuwa akiandika namba kwenye kiganja, kwa maana daftari alilisahau.

Mchana ule wote alilijenga ganda zima ndani ya Punda, kwa sababu kompyuta kongwe isingethubutu. Kazi ya Jumanne ilikuwa imekatwa vichembe laki tatu, na kila kichembe ni kipande cha chuma cha kupigiwa hesabu. Ganda zima, likikatwa kwa udogo aliokuwa akiuota miaka yote, lilikuwa na vichembe milioni nne. Alipoiona namba hiyo kwenye skrini aliisoma kwa sauti, akaisoma tena, akacheka peke yake.

Aliwaambia wauzaji wote wawili ukweli, kwamba jaribio la Jumanne lilikuwa la kitoto na kosa ni lake. Mama Bisibisi aliitika kwa kichwa tu. Bwana Tabasamu alifungua mikono. "Mletee Fahali hata ganda la dunia nzima!" alisema. "Atalila."

Alhamisi saa nne asubuhi mashine zikaachiwa pamoja. Chumba kikajaa mngurumo, hewa ya moto ikapiga nyuma ya seva, kiyoyozi kikaanza kutoa jasho. Kwenye skrini mbili zilizokuwa ubavu kwa ubavu, asilimia zilianza kupanda. Punda mbili. Fahali moja.

"Anapasha misuli," alisema Bwana Tabasamu.

Saa tano na nusu, Punda alikuwa na asilimia ishirini na nane. Fahali kumi na tano. Bwana Tabasamu alikagua nyaya. Alikagua umeme. Aligusa kila kitu isipokuwa paji la uso la Fahali. Habari zilifika karakana, na kila mwenye kisingizio akapita: huyu analeta fomu, huyu anauliza saa, huyu anatafuta ngazi ambayo haijawahi kukaa chumba kile. Waliweka dau la soda. Walishangilia Punda alipopita nusu kana kwamba amefunga bao.

"Lakini Fahali ana vichwa mara tatu!" alilalamika kijana mmoja aliyekuwa ameshapoteza soda yake. "Inawezekanaje?"

Mama Bisibisi alichomoa bisibisi moja, akaitumia kama kijiti cha kufundishia. "Chukulia wapishi," alisema. "Jikoni mwa mwenzangu wako mia moja tisini na wawili, lakini milango ya stoo ni kumi na miwili. Jikoni kwangu wako sitini na wanne, na milango ishirini na minne. Jumanne chakula kilikuwa kidogo, viungo vyote vilienea mezani, hakuna aliyehitaji kwenda stoo. Wapishi wengi wakashinda. Leo ni chakula cha mji mzima. Kila mpishi anakimbilia stoo kila dakika. Wapishi wa Fahali si wavivu, maskini. Wako kwenye foleni na sufuria tupu."

"Stoo ndiyo memori," alisema Injinia, macho yakimng'aa.

"Stoo ndiyo memori. Na viini vingi bila njia ni watu wengi mlangoni."

Bwana Tabasamu alikuna shingo. Sifa yake moja, na inafaa isemwe, ni kwamba hakubisha penye ushahidi. "Mimi huuza kwa namba niliyopewa kuuza," alisema. "Kazi za tovuti, kazi ndogo ndogo elfu kwa mpigo, hapo Fahali hana mpinzani. Lakini hii..." Akaitazama skrini, asilimia zikiendelea kupanda. "Hii imempata."

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Mkurugenzi akiwa ameshaingia na kalamu mfukoni, Punda alimaliza. Fahali alikuwa asilimia hamsini na tatu. Shangwe iliyopigwa ilimfanya mlinzi atoke kwenye kibanda chake tena.

"Nyamazeni!" alisema Injinia. "Tafadhali, nyamazeni kwanza."

Alishika kipanya. Kama picha ingesema vile vile kwa mara ya tatu, basi yamekwisha. Hapatakuwa na nusu nyingine ya kutafuta, na Ijumaa asubuhi baba yake mdogo ataanza kugawa glavu. Alibonyeza.

Ganda zima lilisimama mbele yao, kulia na kushoto, na chuma kikaanza kuingia. Kilitoka kwenye kikombe cha kushoto. Mfereji wa kushoto ulikuwa mfupi, chuma kikapita mbio, kikapanda ubavu wa kushoto kikiwa chekundu kabisa. Upande wa kulia kilichelewa. Sekunde moja. Sekunde mbili. Kilikuwa kikitambaa kwenye mfereji mrefu, kikipoteza moto njiani, rangi ikitoka nyekundu ikaenda njano, njano ikaenda kijani. Mito miwili ikakutana shingoni, upande wa kulia, na pale ilipokutana haikuungana. Iligusana tu. Mstari mwembamba wa buluu ulibaki umesimama, mahali pale pale mzee alipokuwa akiweka alama ya chaki kwenye kila ganda lililopasuka.

"Ni mimi!" alipiga kelele Injinia. Aliruka juu kabisa. "Ni mimi! Ni mimi!"

"Wewe nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kosa ni langu! Kalibu mbovu nimeipitisha mimi! Niliipigia hesabu nusu, nikaweka kikombe katikati, na ripoti yangu ilikuwa ya uongo! Tazama! Chuma kinakutana kimeshapoa! Hata angemimina malaika, lingepasuka!"

Huenda hapajatokea mtu katika kiwanda kile aliyekiri kosa kwa furaha namna hiyo. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anamvuta Mkurugenzi mkono wa shati aone vizuri ule mstari wa buluu, anautaja kwa majina yote aliyoyajua. Mkurugenzi alitazama picha kwa muda, kisha akamtazama msimamizi wa zamu, ambaye ghafla alipendezwa sana na vigingi vya ukutani.

"Basi tunanunua Punda," alisema Mkurugenzi.

"Punda kumi na sita," alisema Injinia.

"Na wewe utaniandikia ripoti nyingine, yenye jina lako kwenye kosa."

"Juu kabisa. Kwa herufi kubwa."

"Barua ya mzee naifuta." Akachomoa kalamu. "Nenda ukamwambie wewe. Mimi sitaweza kulisema kwa kelele kama zako."

Injinia alikuwa ameshatoka. Alipita ofisini bila kuona mtu, akakata uwanja, akaingia karakana akaukanyaga mchanga uliokuwa umesawazishwa, watu wakamzomea. Mzee Tanuri alikuwa amekaa kwenye kigoda mbali na tanuri, aproni imevuliwa na kukunjwa vizuri magotini, kwa namna ya mtu aliyeanza kuaga.

Injinia alisimama katikati, mahali ambapo kila mtu angemsikia.

"Mkono wa mzee hauna kosa!" alisema kwa sauti ya juu. "Kalibu ndiyo mbaya, na aliyeikosea ni mimi. Mimi! Nilipiga hesabu za nusu ganda. Ufa unatoka kulia kwa sababu kikombe kiko kushoto. Alisema yeye tangu mwezi wa kwanza, na hatukumsikiliza."

Mtu mmoja akapiga chuma kwa nyundo, mwingine akajibu, na mara kila mwenye nyundo akawa anapiga. Mzee hakuinuka. Injinia alimwendea, akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, baba. Niliandika uongo juu yako."

"Uliandika ulichokiona," alisema mzee. Alikuwa akiitazama mikono yake iliyolala juu ya ile aproni. "Nikuambie kitu, lakini mama yako mdogo asijue. Mimi mwenyewe nilishaanza kuamini. Mwezi mzima sasa, kila alfajiri kabla hamjaamka, nakwenda nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Nainamisha, namimina kwenye chupa. Naangalia kama maji yatamwagika nje."

Injinia aliitazama naye ile mikono. Kumbe wakati yeye amelala, akiota viini na memori, mtu huyu alikuwa amesimama gizani na ndoo, anajipima kwa sababu ya karatasi aliyoiandika yeye.

"Yalimwagika?" aliuliza.

"Hata tone. Lakini nikawa najiambia, kompyuta haisemi uongo."

Injinia aliishika mikono ile miwili, mikavu, yenye makovu ya cheche, akaibana ndani ya yake kwa nguvu. Mzee akaiinua mikono yote minne pamoja mpaka usawa wa macho yake, akaichunguza kama anavyochunguza ganda lililotoka mchangani.

"Tazama," alisema, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni. "Anayetetemeka ni wewe."